Miwani ya Mafundi wa Kuchomelea

Mpendwa dada,

Mimi mzima, ila mvua ya huku imelowesha hadi godoro. Mwambie baba ule utando wa kukinga macho ya mafundi wa kuchomelea umekubali. Ule wa kwanza, wa madini, ulipasuka kila plastiki ya miwani ilipopata joto, nikamwomba bosi tujaribu kemikali za kaboni, jamii ya rangi za nguo, kwa kuwa zinanyumbulika.

"Sasa tumekuwa watia rangi mashati?" akaniuliza.

Nikazipaka hivyo hivyo, nikarudi kupima. Jana mwanga unaounguza macho haukupenya hata chembe. Bosi akasoma kipimo mara mbili, akasema, "Haya, tengeneza jozi mia."

Kuanzia hapa usimsomee baba. Jicho langu la kushoto linafifia, na daktari anasema ugonjwa uliompofusha baba uko kwenye damu yetu, haukutokana na moto wa kazi yake ya kuchomelea kama tulivyodhani. Kapimwe wiki hii, dada, usiniambie huna nafasi. Jozi mia nitazimaliza, maana wapo wanaounguzwa na moto huo kweli. Baba akiuliza mbona siji, mwambie kazi imenibana. Hilo si uongo.

Mdogo wako,
Kichwangumu