Vali Mpya Imeingia, Pumzi ya Binti Yangu Imepungua

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana nimechanganyikiwa, na unisamehe mwandiko, shule niliiacha mapema. Kitindamimba wangu ni fundi cherehani, vali ya moyo, kile kilango cha kupitisha damu, iliharibika hadi akawa analala ameketi, na ngazi za kwenda chumba cha kushonea anazipanda akihema kama bibi kizee, basi wakampasua kifua wakamwekea vali mpya, nashukuru Mungu alizinduka na sasa analala chali kama zamani. Lakini kabla ya kumpasua walimpulizisha mashine ya kupima mapafu, na juzi kliniki wakampima tena, mpimaji akasema pumzi imeshuka kuliko mwanzo, mshauri, nikasema wametengeneza moyo wakaharibu mapafu, sikungoja hata daktari, nikamshika mkono tukaondoka. Wifi yangu naye hajui kunyamaza, "Mlipeleka mgonjwa wa moyo, mmerudi na wa mapafu!" Na mimi namtunza kama yai, simwachi atembee, akitaka kukohoa namwambia jizuie mwanangu, kifua nimemfunga shuka nikalikaza mshono usiachie, na siku ya kliniki nilikaza zaidi kwa sababu ya mashimo ya barabarani. Yeye ananung'unika, "Mama, mimi si mzigo wa kuni." Kile kidude cha plastiki walichompa hospitali, cha kuvuta pumzi mpaka vijipira vyake vinyanyuke, nimekiweka juu ya kabati, kinamkohoza. Sasa wanamtaka tena wiki ijayo na roho yangu inakataa, wasije wakamaliza hata pumzi iliyobaki. Nimpeleke au nibaki na mwanangu nyumbani?

Mama wa fundi

JIBU

Mama wa fundi, keti kwanza, upumue wewe. Halafu uniambie: alipopuliza ile mashine, shuka ulilifungua? Jibu nalijua. Mama, mmepima kifua kilichofungwa! Hata mimi mzima ukinikaza hivyo, mshumaa sitauzima.

Sikucheki. Ukiona mwanao amepasuliwa kifua, mikono inatafuta pa kushika. Lakini hata bila shuka, pumzi hushuka baada ya upasuaji huo: mfupa wa kifua umekatwa, maumivu yanamfanya avute pumzi fupi, mapafu hayajai. Kwa wengi hurudi polepole, wiki hadi miezi. Daktari angekueleza hayo kama usingemkimbia. Na huyo anayelala chali sasa, hiyo si kazi ya vali mpya? Mwambie wifi yako hivyo.

Fungua shuka leo. Kidude kishuke kabatini. Akohoe, akiwa amekumbatia mto kifuani, makohozi yasimkae ndani. Aketi, atembee kama alivyoelekezwa, ila vitu vizito asinyanyue. Kama wamempa dawa ya kuzuia damu isigande, asiiache hata siku moja. Akipata homa, mshono ukitoa usaha au pumzi ikimbana ghafla, hospitali saa hiyohiyo.

Wiki ijayo ni mbali. Kesho piga simu kliniki, umweleze daktari yote, la shuka na la kuondoka bila kuaga, hatakula mtu. Kisha mpeleke akapimwe upya, na ukifika mlango wa chumba cha vipimo, mwachie mkono. Hiyo pumzi ataivuta mwenyewe.