Udongo wa Mwenye Nyumba

Neasden, London

Mama Neema mpenzi,

Hamjambo huko kwenye jua? Mvua ya hapa haina hata ngurumo, ila tangu asubuhi inabeba udongo wa bustani nyuma ya chumba tulichopanga. Nilishika koleo nichimbe mfereji, nikaliweka chini. Bustani si yangu, na kesho huenda tukahamishwa.

Ndipo nikakukumbuka. Miaka yote nilikugombeza huchimbi makinga maji kwenye mteremko niliokukodisha, nawe ukinijibu, “Shamba ni lako, Mama Zarina.”

Nasikia sasa serikali iliyotunyang'anya shamba imekupa wewe. Basi chimba, dada, uniandikie kama udongo umebaki. Mungu awatunze, mbusu Neema. Hapa sina hata wa kumgombeza.

Mama Zarina