Muhula wa Tatu

Jumamosi, 3 Agosti 1996. Ruiri

Ndoo ya maziwa ikibiringika kwenye mawe. Sauti hiyo imekaa nami tangu alfajiri. Baba aliteleza zizini. Nilipofika alikuwa ameketi topeni, anacheka, anadai ni ng'ombe aliyeteleza. Goti limevimba. Nimelikanda kwa maji ya chumvi. Kisha uji, kufua, kuteka maji. Sikusoma hata ukurasa mmoja.

Jumapili, 4 Agosti

Baada ya ibada chifu aliniuliza shahada yangu ya siasa ni ya chama gani. Baba akawahi kujibu: ya vyama vyote. Watu wakacheka. Baba mwenyewe hakucheka. Siasa inamtisha, hata ya vitabuni.

Jioni nikamweleza tena. Shahada moja ya uzamili, vyuo vikuu viwili. Mihula miwili Nairobi, nimeimaliza. Wa tatu Uswidi. Wa nne ni wa tasnifu, na hiyo naweza kuiandikia hapa nyumbani, msimamizi mmoja Nairobi, mwingine kule. Mwishowe cheti kimoja chenye saini za vyuo vyote viwili. Nisipokwenda muhula wa tatu, nabaki na shahada ya kawaida ya Nairobi. Wanataka jibu mwezi huu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Sasa Mama, mimi utaniacha na nani?"

Nina jina la mama yake. Ameniita hivyo tangu nizaliwe, na kwa kawaida neno lenyewe hunipita tu. Leo halikunipita.

Jumanne, 6 Agosti

Nina hasira. Na goti lake. Na mama yangu mzazi, kwa kufa mapema. Na mimi mwenyewe, kwa kuandika hivyo.

Nataka kwenda. Nataka sana.

Hajanikataza. Angenikataza tungegombana, ingekuwa rahisi. Badala yake ananiwekea malai ya maziwa kikombeni, kila asubuhi. Nimeosha sufuria zilizokuwa safi.

Alhamisi, 8 Agosti. Kianjai

Nimekuja kwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Yeye pia huniita Mama, ila kwa utani. Nilipoingia tu: "Mama, umeniletea nini kutoka sokoni?" Meno yamebaki machache. Nikampa mkate, akaupokea kwa mikono miwili kama mtoto.

Nilipomweleza habari ya Uswidi na swali la Baba, aliacha kupukuchua maharagwe.

Baba alipokuwa mdogo, nyanya, yule niliyepewa jina lake, alikwenda Embu kuchuma kahawa kwa jamaa zake. Aliondoka kungali giza, bila kumwambia, ili asilie. Baba alishinda langoni. Msimu mzima. Akiitwa kula, haji.

"Alirudi," Shangazi akasema. "Lakini yeye angejuaje kama atarudi? Hakuna aliyemwambia."

Miaka yote hii sikujua. Nimemwona langoni, mdogo.

Shangazi atahamia Ruiri nikiondoka. Na kuku wake wote. Sharti moja: Baba asimfundishe kupika.

Jumapili, 11 Agosti. Ruiri

Upepo tu siku nzima, vumbi mpaka kwenye chumvi.

Jioni nilimshikia Baba ndama akikamua. Nikamwambia kwanza siku ya kurudi: mwisho wa Januari, na tasnifu nitaiandikia hapa, kwenye meza yetu. Halafu siku ya kuondoka. Nikarudia zote mbili. Nikamwambia nitaondoka mchana, akiwa macho, na atanisindikiza mpaka barabarani goti likikubali.

Alikamua mpaka tone la mwisho. Baadaye akauliza kama huko wana ng'ombe. Nikasema wengi. Nani anawakamua? Mashine.

"Maskini," akasema. Sikujua kama alimaanisha ng'ombe au watu.

Tumekula. Amelala mapema, anakoroma vizuri.

Hakuniuliza jibu nitalipeleka lini. Nilikwisha kulituma Ijumaa nikitoka Kianjai. Nilishuka Makutano, nikatembea hadi posta. Nimekubali muhula wa tatu.