Kadi za Harusi Zisizong'aa

Mama Orpha, nisikilize kabla hujanicheka, maana kichwa changu hakitulii. Mimi ni Mrundi, nasuka nywele hapa Hillbrow, na mchumba wangu Firmin ni Mkongomani, mlinzi wa jengo kule Jeppestown, kanisani wote wanajua tunaoana na mjomba wangu ameshapokea mahari, sasa tulikwenda kwa mchapaji wa Troyeville kuchagua karatasi ya kadi, na unajua kwetu kadi mtu anapelekewa mkononi, anaipima kwa vidole kabla hajaisoma, kwa hiyo mimi nikachagua ile nzito ya gramu mia tatu, inayong'aa, na Firmin akaisukuma pembeni akashika ya gramu mia na ishirini, kavu kama ya daftari, akasema, "Chérie, hii ndiyo inakamata wino. Tarehe ya harusi tutaijaza na kalamu ya bic, bado natafuta salle," yaani ukumbi hajapata, na mchapaji akaitikia kwa kichwa haraka mno kama watu waliopanga, na mimi najiuliza mbona kadi za Pitchou, kaka yake, zilikuwa nzito na zinang'aa, je, mimi ndiye wa karatasi nyepesi, au ile nzito anamwekea mwanamke mwingine? Simu yake nimeipekua, shati nimelinusa, mchapaji nimemrudia akaniambia, "Sharp, sister, karatasi ni karatasi," na bado sina amani. Nimlazimishe achukue ile nzito, au nivunje uchumba?

Godelieve, Hillbrow

Godelieve, pole mwanangu, lakini acha kunusa mashati. Mlinzi akitoka zamu hunuka zamu. Mchapaji naye mwache, aliitikia kwa sababu Firmin alisema kweli: karatasi inayong'aa haishiki kalamu, ukiandika wino unapakaa. Tena isiyong'aa ipo hata ya gramu mia tatu. Ungeuliza tu, ugomvi wa uzito ungeishia pale pale kaunta.

Sasa soma tena ulichoniandikia. Uzito umeueleza, mng'aro umeueleza, hadi kadi za shemeji. Tarehe umeipita mbio, na mimi hapo ndipo nilipovaa miwani. Jina la mgeni tunaliandika kwa kalamu, sawa. Siku ya harusi huchapwa. Mahari imetoka, kanisa linajua, eish, ni salle gani hiyo inayotafutwa huku kadi zinakwenda mtamboni? Simhukumu Firmin, huenda ni woga tu. Ila wewe unamshuku kwa jambo ambalo hukuliona, na lile alilolifanya mbele ya macho yako umelimeza.

Usimtajie karatasi tena. Jumapili hii, mbele ya mjomba wako, mwulize ni siku gani, kisha unyamaze, usimsaidie kujibu. Akiitaja, rudini kwa mchapaji, tarehe ichapwe, na karatasi achague yeye. Asipoitaja, usichape chochote. Afadhali kanisa lisubiri kadi, kuliko wewe usubiri mume huku jina lako limeshagawiwa kwa watu.