Mgambo Wakishatoa Pumzi

Mama Shirini,

Shikamoo. Marahaba nimeitikia mwenyewe kwa sauti yako, maana studio ilikuwa kimya mno.

Nimekuota tena. Wanamgambo walipanga foleni kuanzia mlangoni kwako hadi sokoni, wale wa miaka yote kwa pamoja, magwanda yamepigwa pasi, bereti zimelala upande. Jua lilikuwa kali lakini hakuna aliyetoka jasho. Wewe ulikuwa nyuma ya kamera na mtandio wako wa kijani, unamwambia kila anayeingia maneno yaleyale: "Bunduki weka chini, baba. Shika kiti." Niliamka nacheka, kisha nikalia.

Bunduki zenyewe zilikuwa za mti, na bado uliwanyang'anya. Tangu nilipokuja kwako kutoka Mitwero kujifunza kupiga picha, niliwaona wakija siku ya kuhitimu, wakiwahi kabla gwanda la kuazima halijarudi kwa mwenyewe. Walijaza kifua mpaka vifungo vikaomba msaada, mbele ya lile pazia lenye ziwa na bata weupe ambao hakuna mtu wa Lindi aliyewahi kuwaona. Ukapiga. Halafu ukasema, "Haya, toa pumzi, vita hamna," na mabega yakishuka, mtu akicheka, ukapiga ya pili. Wote walinunua ya kwanza. Negativu ya ile ya pili, kipande cha filamu tu, uliiweka kwenye kopo la biskuti.

Nilipokuuliza za nini, ulisema, "Ya kwanza yao, ya pili yangu." Na ulipokuwa unaumwa ukaongeza wasia: "Nikifa, Zainabu, zichome. Hazitakuwa na mwenyewe." Niliitika ndiyo. Tangu hapo nachukua kiberiti, nakirudisha. Nampigia mtu picha ya pasipoti, namtumia mwingine pesa kwa simu, na kopo linanitazama kutoka rafuni.

Jumatatu alikuja dada mmoja kutoka Sudi, jina lake Mwanahawa. Baba yake kafariki, na picha yake ya mgambo, ya pekee waliyokuwa nayo, imevujiwa na mvua. Aliifunua kwenye khanga. Gwanda zima, mkanda, mkono juu ya kiti chetu, kidole kimoja hakipo. Juu ya kola, doa tu. Akaniuliza kama uso ule unaweza kurudi.

Nikashusha kopo. Nikainua negativu moja moja kwenye mwanga wa dirisha, wanaume ambao filamu imewageuza weupe wakipita mkononi mwangu wakicheka, mpaka nikakuta ule mkono wenye kidole pungufu. Nikaipiga picha kwa simu, nikaigeuza rangi, na mzee akaja, kama walivyokuwa wakija kwenye beseni letu la dawa ya kusafishia picha. Bereti imemteleza. Kifungo kimefunguka. Meno yote nje. Mama, niliogopa. Mwenzangu kafuata askari, nami nampa mtu anayechekeshwa na wewe, Mhindi mpiga picha.

Mwanahawa akaichukua simu, akaisogeza karibu na uso.

"Huyu ndo baba," akasema. "Yule wa ukutani tulikuwa tukimpita tumeinamisha kichwa, tukiona ni wa serikali."

Alikaa kwenye kile kiti hadi adhuhuri, simu yangu mapajani mwake, na sikuwa na moyo wa kuiomba.

Najua wasia ni mzito, na wewe hukupenda kubishiwa. Lakini ulisema hazitakuwa na mwenyewe, na wenyewe wapo. Wapo Sudi, wapo Nyangamara, wengine wanapita hapa mlangoni kununua vocha na hawajui baba zao wamo humu ndani. Sitachoma. Kiberiti nimempa mama ntilie wa jirani. Sitaziuza wala kuzitundika, ila kila atakayekuja kumtafuta mzee wake, nitamtafutia. Hiyo naahidi. Ukinikasirikia, njoo ndotoni unigombeze, nitafurahi tu.

Ile yako ya pasipoti, uliyokaza uso, wameichukua wanao. Hukujua kwamba nami nilipiga ya pili. Umevua miwani, unaniambia nimechelewa kubonyeza, na unacheka. Imo koponi, pamoja na wanamgambo wako.

Lala, mama. Toa pumzi. Studio nimeishika.

Zainabu