Kikombe cha Babu

Lottie, shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni kwa Bibi!

Si nilimpeleka mchumba wangu Corliss kwenye hifadhi ya historia, aone mababu zetu walivyoanza maisha hapa kisiwani vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha na utumwa ukafutwa? Mtu wa Chicago, akazurura hadi makaburini.

Sasa hivi kampa Bibi zawadi. "Nimekiokota kule, cha kale hiki!"

Lottie, ni KIKOMBE CHA BABU! Kile tulichomwekea kaburini asije akakifuata nyumbani!

Bibi hakufoka. Kakisuuza, kakijaza kahawa, kakiweka mbele ya kiti cha Babu.

Corliss naye: "Asante Bibi, ila mimi sinywi kahawa."

"Si yako, mwanangu. Wewe kafungue mlango."