Mlimau Wangu na Mkono wa Mtu

Uko? Usipige simu, siwezi kuongea. Nimejifungia bafuni.

Unaujua mlimau wangu, mwaka wa tatu huu hauna hata limau moja? Mimi na jirani tulinunua miche siku moja, na wake umezaa mpaka matawi yanainama. Si nilikwambia pale kuna mkono wa mtu?

Leo nimemwita fundi wa bustani. Jirani alikuwa anaanua nguo uani kwake, nikapaza sauti makusudi: "Kuna mtu anauchezea mti wangu, na ninamjua!"

Fundi akashika tawi, akaitazama ncha yake. "Nani anaupogoa?"

Nikasema mimi, kila mwezi, ili ukae duara.

"Kila mwezi?" Mwenzangu, aliuliza mara mbili! "Mama, maua yanatoka kwenye machipukizi hayo hayo unayoyakata. Mti huu unapogolewa kidogo tu, ukishavuna. Anayeuchezea ni wewe."

Ni wewe! Na jirani kasikia kila neno. Akacheka, akaingia ndani na beseni lake. Nilitamani ardhi inimeze.

Ila ngoja. Nimekaa hapa nawaza. Yeye wake anaupogoa mara moja tu, baada ya kuvuna. Kumbe anajua! Na miaka mitatu ananiona nakata, kimya.

Halafu mkasi wenyewe huwa naazima kwake. Mwezi uliopita nilichelewa kuufuata.

Akaniletea mwenyewe mpaka mlangoni. Tena ameunoa.